Bibi Titi Mohamed: Sauti Iliyomnadi Mwalimu

Utangulizi

Mcheza kwao hutunzwa, ndivyo walivyolonga wahenga. Methali hii husikika sana penye arusi na ngoma, pale mchezaji hodari anapotunzwa kwa noti na leso mbele ya jamaa zake. Hata hivyo, yupo mwanamke mmoja wa Dar es Salaam ambaye maisha yake yaliithibitisha methali hiyo, kisha yakaikanusha, na hatimaye yakairudia uzeeni. Mwanamke huyo ni Bibi Titi Mohamed, manju wa ngoma aliyegeuka kuwa mhamasishaji mkuu wa wanawake katika chama cha TANU, na ambaye kwa sauti yake jina la Julius Nyerere lilifika majikoni, viambazani na vilingeni, mahali ambapo wanasiasa wanaume wasingelifikisha peke yao.

Historia ya ukombozi wa Afrika Mashariki imezoea kuwataja wanaume waliovaa suti na kwenda New York au London kudai uhuru. Nauli zao zilitoka wapi? Umati uliowalaki uwanjani ulikusanywa na nani? Ni nani aliyemwambia mama muuza vitumbua kwamba kijana fulani kutoka bara, asiye wa kabila lake wala wa dini yake, ndiye astahiliye kuaminiwa? Maisha ya Bibi Titi yanatoa sehemu kubwa ya jawabu.

Malezi na Makuzi

Bibi Titi alizaliwa jijini Dar es Salaam mwezi Juni mwaka 1926. Babake, Mohamed bin Salim, alikuwa mfanyabiashara, naye mamake, Hadija binti Salim, alikuwa mkulima na mlezi wa nyumba. Kama ilivyokuwa desturi katika familia nyingi za Kiislamu za pwani wakati huo, binti alitarajiwa kwenda chuoni kusoma Kurani na kufundwa kazi za nyumbani. Baba hakupendezwa na wazo la kumpeleka bintiye katika shule ya serikali. Ni baada ya kufariki kwake ndipo mama alipompeleka shuleni, akapata elimu ya darasa la nne. Kwa mtoto wa kike wa miaka ya 1930, kiasi hicho cha kusoma na kuandika kilikuwa hazina.

Alipotimu umri wa miaka kumi na minne hivi, aliozwa mume aliyemzidi sana kwa umri. Ndoa hiyo ilimpa mtoto mmoja wa kike, Halima, lakini haikudumu. Aliachika angali kijana, akaingia katika maisha ambayo wanawake wengi wa mitaa ya Waafrika jijini waliyajua: kujitegemea, kuolewa tena, na kujenga heshima yake mwenyewe miongoni mwa majirani. Heshima hiyo ilitokana hasa na kipaji chake cha sauti. Aliimba katika maulidi, na alikuwa mwimbaji kiongozi katika kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba. Watu wa Dar es Salaam walimjua kwa uimbaji wake miaka mingi kabla ya kumjua kwa siasa.

Swali la Mgeni

TANU iliundwa tarehe 7 Julai 1954 kutokana na kilichokuwa chama cha TAA. Miongoni mwa wanachama wa mwanzo walikuwa Bibi Titi na mumewe wa wakati huo, Boi Selemani, aliyekuwa dereva wa teksi. Kadi ya Boi ilikuwa nambari 15, na ya mkewe nambari 16. Nambari hizo zinaonyesha kwamba mwanamke huyu hakuja kufuata mkumbo chama kilipokwisha kupata nguvu. Alikuwamo tangu jengo lilipokuwa msingi.

Hata hivyo, kuwa mwanachama ni jambo moja na kuwa kiongozi ni jingine. Mwezi Juni mwaka 1955, John Hatch wa chama cha Leba cha Uingereza alizuru Dar es Salaam. Alipokutana na viongozi wa TANU aliuliza kama chama chao kilikuwa na tawi la wanawake. Swali hilo lilikuwa mwiba, kwani tawi halikuwapo. Viongozi wengi wanaume walikuwa wenyeji wa mji ambamo mwanamke mwenye staha hakutarajiwa kusimama mbele ya kadamnasi, nao hawakuwa tayari kuwatanguliza wake zao wenyewe. Schneider Plantan, mmoja wa wazee wa harakati hizo, alimwendea Boi ili amruhusu mkewe ajitokeze, naye Boi akakubali. Mwezi Julai mwaka huohuo tawi la wanawake lilizinduliwa rasmi, Bibi Titi akiwa mwenyekiti na Tatu binti Mzee akiwa mmoja wa viongozi wenzake.

Pana kinaya hapa. Tawi ambalo baadaye lilikuja kuwa mhimili wa chama lilianzishwa ili kumridhisha mgeni. Wanaume walihitaji mwanamke wa kuonyeshwa, wakampata mwanamke wa kuongoza.

Ngoma Ikawa Chama

Bibi Titi hakuwa na ofisi, mshahara wala gari. Alikuwa na kitu kimoja ambacho viongozi wasomi hawakuwa nacho: vikundi vya ngoma. Katika Dar es Salaam ya miaka ya 1950, wanawake walikuwa na vyama vyao vya lelemama na ngoma nyinginezo. Kila kikundi kilikuwa na viongozi wake, sare zake, michango yake na taratibu zake za kusaidiana katika arusi, misiba na maradhi. Isitoshe, vikundi hivyo viliwaunganisha wanawake wa makabila mbalimbali waliohamia mjini, na lugha yao ya pamoja ilikuwa Kiswahili.

Alichofanya Bibi Titi ni kuwaendea viongozi wa vikundi hivyo mmoja baada ya mwingine. Alijua kwamba akimpata manju, kikundi kizima kitafuata. Hakuhitaji kuwafundisha wanawake namna ya kuitisha mkutano, kukusanya michango au kupeana habari kwa haraka, maana hayo yote walikuwa wakiyafanya miaka nenda miaka rudi. Aliwapa sababu mpya ya kuyafanya. Haba na haba hujaza kibaba: katika muda wa miezi michache tu, wanawake wapatao 5,000 walikuwa wamekata kadi za TANU. Idadi hiyo iliwashangaza hata viongozi wa chama, kwani wanaume wengi walikuwa bado wanasitasita.

Kusitasita huko kulikuwa na chanzo chake. Serikali ya kikoloni ilikuwa imewapiga marufuku watumishi wake kujiunga na vyama vya siasa. Karani, mwalimu au tarishi aliyepatikana na kadi ya TANU aliweza kupoteza kazi. Wanawake wengi wa mjini waliishi kwa kuuza maandazi na vitumbua, kupika pombe, kulima mashamba ya pembezoni au kupangisha vyumba. Hawakuwa na mwajiri wa kuwafukuza. Umaskini uliowanyima ajira ya serikali uliwapa uhuru wa kutenda ambao waume na ndugu zao hawakuwa nao. Kwa hivyo, wao ndio walioweza kuuza kadi mitaani, kuzunguka nyumba kwa nyumba na kujaza viwanja vya mikutano pasi na hofu ya barua ya kuachishwa kazi.

Hii si kusema kwamba hawakuwa na la kupoteza. Wapo waliozificha kadi zao ili waume zao wasizione. Wapo walioitwa wahuni kwa sababu ya kutoka usiku kuhudhuria mikutano. Talaka ilikuwa tishio la kweli. Mwanamke aliyechanga senti zake kwa ajili ya safari ya kiongozi alikuwa anapunguza chakula cha nyumba yake. Michango hiyo midogo ndiyo iliyokisaidia chama kisichokuwa na mfadhili mkubwa kujiendesha.

Kumnadi Kijana wa Butiama

Julius Nyerere alikuwa mwalimu wa shule ya Pugu hadi alipoacha kazi mwezi Machi mwaka 1955 ili autumikie uongozi wa TANU. Alikuwa Mzanaki kutoka Butiama, karibu na Ziwa Viktoria, Mkatoliki, na mhitimu wa Chuo Kikuu cha Edinburgh. Mji aliokuja kuuongozea siasa ulikuwa na Waislamu wengi, wenyeji waliokuwa na wazee wao, mabaraza yao na fahari yao. Mgeni wa aina hiyo alihitaji mtu wa kumshika mkono na kumwingiza ndani.

Wazee wa mji na familia zenye jina zilifanya sehemu yao. Kwa upande wa wanawake, kazi hiyo iliangukia mabega ya Bibi Titi. Alipanda jukwaani pamoja na Nyerere katika uwanja wa Mnazi Mmoja na kwingineko. Mara nyingi yeye ndiye aliyetangulia kuuchangamsha umati. Kiswahili chake kilikuwa cha mtu aliyelelewa katika maulidi na ngoma, chenye mapigo, mafumbo na vijembe. Alijua pa kupandisha sauti na pa kunyamaza. Hoja yake kuu kwa wanawake ilikuwa nyepesi kueleweka: kwamba hakuna mtawala aliyeingia duniani bila kubebwa tumboni na mwanamke, na kwa hivyo mwenye kuzaa hana sababu ya kujiona mdogo mbele ya aliyemzaa. Hoja hiyo aliichimba katika maisha ya wasikilizaji wake, wala hakuhitaji kitabu ili kuithibitisha.

Baadaye alisafiri majimboni akiandamana na viongozi wa chama, akifungua matawi ya wanawake. Huko alikuta hali tofauti na ya pwani. Katika sehemu nyingine wanawake hawakuwa wamezoea kukaa mkutano mmoja na wanaume. Katika sehemu za Kusini, kumbukumbu za Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907 zilikuwa bado mbichi, na wazee waliogopa kwamba kuudai uhuru kungeleta tena mauaji na njaa. Aliwatuliza kwa kuwaeleza kuwa mapambano haya yangekuwa ya maneno na kadi. Kuonekana kwake tu, mwanamke Mwislamu aliyejifunika buibui akisimama bega kwa bega na wanaume na kusikilizwa, kulikuwa hotuba kamili.

Wanawake wa TANU walifanya mengi yasiyoandikwa katika kumbukumbu za vikao. Waliwapikia wajumbe na kuwapa malazi. Walishona sare, wakatunga nyimbo zilizotaja jina la Nyerere katika ngoma zao, hata jina hilo likawa la kila mtu. Mwaka 1958 Nyerere aliposhtakiwa kwa makala iliyodaiwa kuwakashifu maofisa wa serikali, umati ulifurika mahakamani Dar es Salaam. Alitozwa faini ya pauni 150 au kifungo cha miezi sita, faini ikalipwa.

Kutoka Kutokupiga Kura hadi Kumchagua Rais

Mnamo Januari 1958 TANU ilikutana Tabora kuamua kama ingeshiriki uchaguzi wa kura tatu, ambapo kila mpiga kura alitakiwa kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Nyerere alikishawishi chama kishiriki. Zuberi Mtemvu hakukubaliana na uamuzi huo, akajitenga na kuunda chama cha ANC.

Jambo lisilotajwa sana ni kwamba masharti ya kuandikishwa katika uchaguzi wa 1958 na 1959 yalikuwa ya kipato cha pauni 150 kwa mwaka, elimu ya darasa la nane, au kushika wadhifa fulani. Kwa masharti hayo, wengi mno wa wanawake waliokuwa wamekata kadi, wakachanga fedha na kuimba hadi sauti zikakauka hawakuruhusiwa kupiga kura. Walifanya kampeni ya uchaguzi ambao mlango wake ulikuwa umefungwa mbele yao. Badala ya kuvunjika moyo, waliwatafuta waliotimiza masharti na kuwahimiza wakajiandikishe. TANU ilishinda, na mwaka 1960 ikatwaa viti 70 kati ya 71.

Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Mwaka uliofuata nchi iliamua kuwa jamhuri, na tarehe 1 Novemba 1962 ukafanyika uchaguzi wa rais. Wagombea walikuwa wawili, Nyerere wa TANU na Mtemvu wa ANC. Safari hii mama muuza vitumbua asiye na darasa hata moja alikuwa na kura sawa na ya wakili. Nyerere alipata kura zaidi ya 1,127,000, naye Mtemvu akaambulia zipatazo 21,000. Ushindi huo wa zaidi ya asilimia 98 ulikuwa na sababu nyingi, lakini mtandao ulioanza na vikundi vya ngoma mwaka 1955 ulikuwa mojawapo. Wanawake waliomnadi mgombea wao kwa miaka saba sasa waliweza kumchagua kwa mikono yao.

Mwaka huohuo wa 1962 uliundwa Umoja wa Wanawake wa Tanganyika, UWT, na Bibi Titi akawa mwenyekiti wake wa kwanza. Aliingia Bungeni na kuteuliwa Waziri Mdogo wa Maendeleo ya Jamii. Mcheza kwao alikuwa ametunzwa.

Upepo Unageuka

Kugombea uhuru na kuendesha serikali ni kazi mbili tofauti. Serikali mpya ilihitaji watu wa kuandika ripoti, kusoma bajeti na kuzungumza Kiingereza na wataalamu wa kigeni. Mwanamke wa darasa la nne aliyeutikisa uwanja wa Mnazi Mmoja hakuwa na nguvu ileile katika korido za wizara. Mwaka 1965, katika uchaguzi wa kwanza wa mfumo wa chama kimoja, alipoteza kiti chake cha ubunge cha Rufiji.

Pigo la pili lilitokana na Azimio la Arusha lililotangazwa tarehe 5 Februari 1967. Miongoni mwa masharti yake ya uongozi ilikuwa kwamba kiongozi asiwe na nyumba ya kupangisha. Bibi Titi alikuwa na nyumba alizozijenga, na kwake kodi ya nyumba haikuwa unyonyaji. Ilikuwa ndiyo akiba ya mwanamke wa mjini asiye na pensheni, aliyewahi kuachika na aliyejua maana ya kukosa pa kuegemea. Wanawake wengi wa Dar es Salaam waliishi hivyo, na wengi wao ndio waliokijenga chama. Alijiuzulu nyadhifa zake. Wenye kuliunga mkono Azimio waliona amechagua mali na kuacha umma. Waliomjua waliona kwamba sera iliyowalenga mabwanyenye ilikuwa imemgusa mtu wa aina nyingine. Pande zote mbili zilikuwa na hoja, na ukweli huo ndio unaoifanya hatua hii ya maisha yake iwe ngumu kuhukumiwa.

Kizimbani

Mnamo Oktoba 1969 Bibi Titi alikamatwa. Yeye na wenzake, akiwamo aliyekuwa Waziri wa Kazi, Michael Kamaliza, na baadhi ya maofisa wa jeshi, walishtakiwa kwa kosa la uhaini. Ilidaiwa kwamba walikula njama ya kuipindua serikali, na kwamba kinara wao alikuwa Oscar Kambona, Waziri wa zamani aliyekuwa uhamishoni Uingereza. Kesi ilianza mwaka 1970 mbele ya Jaji Mkuu Philip Telfer Georges. Shahidi mkuu wa serikali alikuwa Potlako Leballo, kiongozi wa chama cha PAC cha Afrika Kusini. Bibi Titi alikana mashtaka. Mwaka 1971 alipatikana na hatia, akahukumiwa kifungo cha maisha.

Mwanamke aliyesimama na Nyerere jukwaani sasa alikuwa mfungwa wa serikali ya Nyerere. Mumewe alimwacha akiwa katika dhiki hiyo. Marafiki wengi walijitenga naye, kwa kuwa kuonekana karibu na mhaini ni hatari. Mwaka 1972 aliachiliwa kwa msamaha wa Rais. Alitoka gerezani akakuta jina lake limenyamaziwa. Katika hotuba na vitabu vya shule, mapambano ya uhuru yaliendelea kusimuliwa bila yeye. Aliishi kimya kwa miaka mingi katika jiji lilelile alilowahi kulitetemesha.

Kutunzwa Tena

Ukimya huo ulianza kuvunjwa katika miaka ya 1980. Mwaka 1984 mtafiti Mmarekani Susan Geiger alimhoji yeye pamoja na wanawake wenzake wa TANU, na kazi hiyo ikazaa kitabu kilichochapishwa mwaka 1997. Tanzania ilipoadhimisha miaka thelathini ya uhuru mwaka 1991, gazeti la chama tawala lilimtaja kuwa shujaa wa mapambano hayo. Barabara kubwa ya Dar es Salaam iliyokuwa ikiitwa Mtaa wa UWT ikapewa jina lake, na hadi leo maelfu ya abiria hulitamka jina hilo kila siku.

Nyerere alifariki tarehe 14 Oktoba 1999. Bibi Titi alimfuata mwaka mmoja baadaye, tarehe 5 Novemba 2000, alipokuwa akitibiwa Johannesburg, Afrika Kusini, akiwa na umri wa miaka 74.

Hitimisho

Maisha ya Bibi Titi Mohamed yana funzo kwa msomi wa Kiswahili na kwa raia wa kawaida. Kwa msomi, yanathibitisha kwamba ngoma, maulidi na mafumbo havikuwa burudani tupu. Vilikuwa taasisi zilizokuwa na uongozi, nidhamu na hazina, na penye haja ziliweza kubeba chama cha siasa mgongoni. Mwenye kuichambua fasihi simulizi ya pwani bila kuuliza nani aliimba, kwa nani, na kwa lengo gani, huachwa na ganda mkononi.

Kwa raia, yanazua swali ambalo kila uchaguzi wa Afrika Mashariki hulirudisha. Wanawake huonekana kwa wingi kampeni inapopamba moto, wakiwa wamevaa sare, wakiimba, wakipika na kuwaita majirani. Kura zikishahesabiwa na viti kugawanywa, idadi yao hupungua ghafla. Bibi Titi alipewa kiti, akakipoteza, akapewa pingu, kisha akapewa barabara. Waliomfuata mwaka 1955, wale maelfu waliokata kadi na kuchanga senti zao, wengi hawakupewa hata mstari mmoja wa kitabu. Deni lao bado halijalipwa, na namna ya kuanza kulilipa ni kuwakumbuka kwa majina pale majina yao yanapojulikana, na kuwauliza mabibi wangali hai kabla midomo yao haijafumba.

Mcheza kwao hutunzwa. Lakini tuzo hilo lisingojee ngoma iishe, na mchezaji awe amekwisha kulala.